Kichwa cha mteja hakina hatimiliki

Fremu iliyofungwa tangu mwaka jana imefunguliwa. Kwanza kilikuja kirikuu na viti vitatu vyekundu, vikafuata vioo, kisha fundi rangi. Ijumaa asubuhi maputo yakaning'inizwa mlangoni, spika ikawekwa barazani na bango likatundikwa: ofa ya ufunguzi, kusuka rasta shilingi 15,000. Ng'ambo ya barabara, mwenye saluni aliyetoza 25,000 kwa muda mrefu bila kuulizwa amesimama na chanuo mkononi, analisoma bango hilo kwa mara ya pili, kana kwamba tarakimu zitaona aibu zibadilike.

Kisa hiki hakina mwenyewe. Kinatokea Sinza na Buguruni, kinatokea Mwanza na Mombasa. Bei ni za mfano, na mtaa msomaji anaweza kujichagulia. Hapa tukiweke Sinza, mahali ambapo fremu zimebanana na jirani husikia hata unavyokohoa. Bango si kitu kigeni. Cha kusikiliza ni maneno yatakayomtoka yule dada kabla ya adhuhuri, akizungumza na mwenzake wa duka la vipodozi: "Huyu amekuja kunichukulia wateja wangu."

Wateja wangu. Ushauri wa namna ya kuwashika haukosekani: punguza bei na wewe, weka kadi ya kusuka mara tano ya sita bure, nunua televisheni kubwa, watumie salamu za siku ya kuzaliwa. Mwingi si ushauri mbaya. Lakini lipo swali linalotangulia, na watu wa dini na wa falsafa wamelihangaikia tangu zamani kuliko saluni yoyote: hao wateja ni wake kwa maana gani? Mmoja akivuka barabara, kuna mtu aliyeibiwa?

Kariakoo wana jibu lao, na jibu hilo lina bei. Anayehama kwenye fremu iliyochangamka humdai anayeingia kilemba, fedha iliyo mbali na kodi. Kinachouzwa hapo si kuta, maana kuta ni za mwenye nyumba. Unauzwa mguu wa watu: mazoea ya mamia ya wapita njia kupinda kona ile na kuingia mlango ule. Kwa hiyo mazoea ya umma yanaweza kuuzwa na kununuliwa. Mtu mmoja mmoja, hapana. Hakuna aliyewahi kupokea kilemba cha Mama Fulani anayesuka kila baada ya majuma sita.

Marabi waliligusa suala hili kupitia njugu. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200, Rabi Yehuda anamkataza mwenye duka kuwagawia watoto njugu na nafaka za kukaanga, kwa sababu anawazoesha kuja kwake. Anamkataza pia kushusha bei chini ya ile ya sokoni. Mtanzania aliyewahi kutumwa na mama yake dukani kwa Mangi, akapewa pipi ya bure na siku ya pili akapita maduka mawili ili arudi kwa Mangi yuleyule, anaielewa kesi hiyo bila kufasiriwa. Wenzake Rabi Yehuda hawakukubaliana naye. Njugu waliziruhusu, mwenzako naye agawe cha kwake. Na anayeshusha bei walimwona mtu wa kuombewa kheri.

Talmudi ya Babeli inaendelea na kesi ya kinu. Mkazi wa kichochoro ameweka kinu cha kusagia, mwenzake anakuja kuweka kingine kando yake. Rav Huna anasema wa kwanza ana haki ya kumzuia wa pili, kwa kuwa anamkatia maisha. Mara moja kinyume chake kinaletwa: duka linaruhusiwa kufunguliwa kando ya duka na hamamu kando ya hamamu, kila mmoja afanye shughuli kwake. Baadaye mwingine anajaribu kupitisha mstari katikati: mtu wa mji mwingine anaweza kuzuiwa, mkazi wa kichochoro kilekile hawezi.

Mstari huo haukubaki vitabuni. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na saluni imo kwenye orodha, isipokuwa iliyo hotelini au inayohudumia watalii. Mgeni akikutwa na hatia, faini yake haipungui shilingi milioni 10. Majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hasa Wakenya, walilalamika, na mjadala wa soko la pamoja ungali mbichi. Kwa dada yetu wa Sinza, hata hivyo, amri hiyo haina msaada wowote. Aliyefungua ng'ambo hakutoka mbali. Kwa hakika ametoka karibu mno, na hilo tutalifikia.

Waislamu nao wana kisa cha zabibu. Imam Malik ameandika katika Muwatta kwamba Umar bin al-Khattab, alipokuwa khalifa, alimpita Hatib bin Abi Balta'a akiuza zabibu kavu sokoni Madina, akamwambia apandishe bei au aondoke kwenye soko lao. Kisa kikiishia hapo, mwenye saluni ya 25,000 ana hoja na aliyetundika bango ahame. Lakini Imam Shafi'i ana riwaya ndefu zaidi. Humo Umar anaeleza sababu: msafara wa zabibu uko njiani kutoka Taif, na wenye msafara wataikadiria bei yao kwa ile ya Hatib. Kisha akarudi nyumbani, akatafakari, akamfuata Hatib hadi kwake na kumwambia kwamba yale hayakuwa amri wala hukumu. Ni jambo aliloliona lina kheri kwa watu wa mji. Auze anapotaka, anavyotaka.

Madhehebu yametofautiana juu ya hizo riwaya mbili hadi leo, na si kazi ya makala hii kuwasuluhisha. Kuna jambo dogo ndani yake ambalo ni rahisi kulipita: mtawala wa dola iliyokuwa ikipanuka hadi Uajemi na Misri anaondoka kwake, anakwenda kubisha hodi kwa muuza zabibu ili afute kauli aliyoitoa juu ya bei. Huenda alikumbuka kwamba Mtume mwenyewe, bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba awapangie, alikataa, akisema mpanga bei ni Mwenyezi Mungu, naye hataki kukutana na Mola wake huku mtu akimdai dhuluma ya damu au ya mali.

Basi kwa Mayahudi na kwa Waislamu jibu linayumba mahali palepale. Kushindana kunaruhusiwa. Kumkatia mwenzako riziki kunachukiza. Na hakuna aliyefanikiwa kuandika sheria inayotenganisha hayo mawili kwa mstari mmoja ulionyooka.

Mtaani, pasipo marabi wala maimamu, mstari huo huchorwa kwa hirizi. Saluni ikipoa kwa wiki mbili, neno la kwanza kunong'onwa ni chuma ulete: kuna mtu anazivuta fedha za droo kwa dawa. Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam vibao vya waganga vinatangaza mvuto wa biashara pamoja na kurudisha mume. Asiyekwenda kwa mganga ataletewa chupa ya mafuta ya upako apake kwenye kizingiti, au ataambiwa achome ubani na asome dua fulani idadi fulani. Kumcheka ni rahisi kwa asiyelipa kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo. Hata hivyo imani ya chuma ulete ina kasoro ya kifikra inayozidi ushirikina wenyewe: inachukulia kwamba mteja hana akili. Amevutwa, amefungwa, amepumbazwa. Uwezekano kwamba amelinganisha 25,000 na 15,000 akaona kuna tofauti ya mfuko wa mchele haumo kabisa.

Biashara ya nywele na mbingu zina urafiki wa zamani. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, Annie Turnbo Malone alijenga kampuni ya Poro mjini St. Louis akiwauzia wanawake weusi dawa za kukuzia nywele. Miongoni mwa mawakala wake alikuwepo dobi mjane aitwaye Sarah Breedlove. Mwaka 1905 Breedlove alihamia Denver, akiuza bidhaa za Malone, na mwaka uliofuata, akiwa ameolewa na bwana Walker, akaanza kuuza za kwake kwa jina ambalo dunia inalijua: Madam C. J. Walker. Malone hakukaa kimya. Alilisajili jina la Poro na kuwatahadharisha wateja juu ya waigaji. Na Walker alisema nini kuhusu asili ya dawa yake? Kwamba aliomba kwa Mungu, na usiku akaota mtu mweusi mkubwa akimtajia vya kuchanganya, vingine vikiwa vinapatikana Afrika. Hoja hiyo haina rufaa. Aliyefundishwa na bosi wake anaweza kushtakiwa kwa kuiga. Aliyefundishwa ndotoni ana mwalimu asiyeitwa mahakamani.

Turudi Sinza, maana hapo ndipo ukweli unapouma. Mwenye saluni ya bei chee ng'ambo ya barabara ni nani? Mara nyingi, na kila mwenye saluni atakwambia hivyo kwa kuapa, ni msusi wake wa jana. Alikuja akiwa binti asiyejua kugawa njia ikanyooka. Alianza kwa kufagia nywele na kuosha taulo, akafundishwa kufumua bila kukata nywele za mteja, akaruhusiwa kusuka kisogoni ambako makosa hayaonekani, mwisho akapewa kichwa kizima. Siku alipoondoka aliaga vizuri. Simu yake tu ndiyo iliyoondoka na namba za wateja sitini.

Maana wateja wa saluni wengi si wa saluni. Ni wa mikono. "Yule dada mweupe yupo?" huuliza mteja mlangoni, na akiambiwa hayupo hugeuka na kipochi chake hata kama viti vyote viko wazi. Kusuka rasta ndogondogo ni saa tano au sita, mteja amekaa kichwa chake kikiwa mapajani au kifuani kwa mtu mwingine, na katika saa hizo huzungumzwa mume, mkopo wa kikoba, mtoto aliyefeli. Huwezi kumwambia hayo mtu mpya kila mwezi. Ikiwa pana kamba inayomfunga mteja mahali, imesokotwa pale, na aliyeisokota analipwa kwa kichwa.

Analipwaje? Hapa ndipo hesabu ya bango inapoanza kuwa suala la dini. Tuseme mteja amekuja na rasta zake mwenyewe, na saluni inagawana nusu kwa nusu na wasusi, utaratibu wa kawaida kabisa. Wawili wamesimama kwenye kichwa kimoja. Kwa 25,000, kila msusi anaondoka na 6,250. Kwa 15,000, anaondoka na 3,750. Kichwa ni kilekile, vidole ni vilevile, saa ni zilezile, na maumivu ya mgongo hayakupunguzwa bei. Mwenye saluni anayejibu mapigo kwa kushuka hadi 12,000 ili "kuwalinda wateja" amewalinda kwa fedha ya watu wasioulizwa. Mjadala mzima wa kina Rav Huna unamweka mwenye kinu wa kwanza mbele ya wa pili. Mtu anayesukuma jiwe la kinu hakutajwa.

Bei za chini zina asili nyingi nyingine, na si zote mbaya. Anayeanza hana madeni ya mwaka uliopita. Fremu yake ni ndogo. Nyongeza ya faida hajaizoea. Bajeti ya mwaka 2019 ilipoweka ushuru wa asilimia 25 kwa wigi na nywele bandia kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, saluni zilizopandisha bei zilikuwa na sababu. Lakini mteja anayo haki ya kuuliza kama sehemu ya ile 25,000 ilikuwa gharama au ilikuwa tu bei ya mtu asiye na mpinzani. Wale wenzake Rabi Yehuda waliomwombea kheri mpunguza bei hawakuwa wajinga.

Wiki ya pili tangu bango litundikwe, saluni kongwe imebadilika. Imeletwa chupa ya chai ya tangawizi. Wateja wanaitwa mpenzi na mamii, wanasindikizwa hadi barabarani, wanatumiwa ujumbe wa kuulizwa kama kichwa hakiwaumi. "Leo tumekuwa wa maana," mteja mmoja wa siku nyingi anamwambia mwenzake wakiwa chini ya draya, kwa sauti ambayo mwenye draya kichwani anadhani ni ya chini.

Immanuel Kant angetikisa kichwa pamoja nao. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, mwanafalsafa huyo wa Königsberg anamtolea mfano muuza duka asiyempunja mnunuzi mgeni: ana bei moja kwa wote, hata mtoto mdogo ananunua kwake kama mtu mzima. Wateja wanahudumiwa kwa haki. Lakini, anasema Kant, hilo halitoshi kuamini kwamba alifanya hivyo kwa kuwa ni wajibu. Faida yake mwenyewe ilimtaka awe hivyo. Kwa kipimo hicho chai ya tangawizi haina thamani ya kimaadili hata kijiko. Imepikwa kwa hofu.

Kipimo hicho ni kikali kupita kiasi kwa mtu anayeishi kwa mauzo ya kila siku. Wema ulioanza kwa hofu unaweza kuzoeleka hadi ukasahau ulikotoka, na mteja mwenye kiu hanywi nia ya mpishi. Walakini Kant ametuachia chombo kinachofaa, tukikigeuza: mtazame mwenye saluni siku ambayo kutenda haki kunamtoa fedha.

Siku hiyo ni Jumamosi. Anaingia mteja wa miaka mingi, kesho ana sendofu ya mdogo wake, anataka dawa ya kulainisha nywele. Jana usiku amefumua rasta mwenyewe, na kucha zimepita mahali palipokuwa pakiwasha. Mwenye saluni anagawa njia utosini, anainamisha kichwa kwenye mwanga, anaona mikwaruzo mitatu mibichi. Dawa nyingi za namna hiyo zina kostiki soda, ileile ya kupikia sabuni. Kwenye ngozi nzima huwasha tu, ikaoshwa kwa wakati; kwenye kidonda huunguza.

"Dawa hapa haiingii, dada yangu. Nikuoshe, nikusetie, wiki ijayo uje tukuweke."

"Sendofu ni kesho."

"Najua."

Mteja anatazama ng'ambo, spika inapopiga. Wote wawili wanajua kwamba kule watamwekea.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kisa kinachokaribia kabisa hapo. Katika Ihya, kwenye kitabu cha adabu za kutafuta riziki, anamtaja Yunus bin Ubaid, muuza nguo wa Basra, aliyekuwa na majoho ya dirhamu 400 na ya 200. Alikwenda kusali akamwacha mpwa wake dukani. Akaja bedui akitaka joho la 400. Kijana akamwonyesha la 200, akalipenda, akalipia 400 akaondoka nalo mkononi. Njiani akakutana na Yunus, aliyelitambua joho lake. Akamwambia halizidi 200, arudi dukani. Bedui akajibu kwamba kwao lingeuzwa 500, naye ameridhika. Yunus hakukubali, alimrudisha, akampa 200 zake, kisha akamgeukia mpwa wake.

Ghazali anatofautisha haki na ihsani. Haki ni kutodhulumu, na kila mtu anadaiwa. Ihsani ni kile kinachozidi hapo, ambacho hakuna kadhi atakayekudai. Bedui aliridhika, hakuna sheria iliyovunjwa kwa namna ambayo yeye angeilalamikia. Yunus alijua thamani ya joho kuliko mnunuzi, na ujuzi huo ndio aliouona kuwa deni. Mwenye saluni naye anakijua kichwa kuliko mwenye kichwa, kwa kuwa utosi wako mwenyewe huuoni.

Yule mteja wa sendofu alivuka barabara. Hiyo ndiyo desturi ya visa vya mtaani, tofauti na vya vitabuni: mtu anafanya jambo jema saa nne asubuhi na saa nne na dakika kumi hasara imeshaingia.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo hurejea ngamani, na wenye saluni wanaupenda msemo huo kwa sababu unawaahidi kwamba wote watarudi. Wengine hawarudi. Baada ya mwezi, hata hivyo, saa mbili usiku, anaingia mmoja aliyepotea tangu siku ya maputo. Kajifunga mtandio. Shikamoo yake ni ya chinichini, macho yako sakafuni.

"Naona aibu, dada. Kichwa kinanigonga siku ya tatu, silali."

Mtandio unaondolewa. Mbele, juu ya paji, rasta zimevutwa mno, vipele vidogo vyeupe vimepanga mstari kwenye mizizi. Mwenye saluni haulizi amesukwa wapi. Njia zimenyooka kama zimepigwa rula, na kila rasta imeanzwa kwa ule mzunguko mdogo wa kidole cha shahada ambao alimfundisha mtu mmoja tu, kwa miezi minne, kwenye kiti hikihiki.

Angeweza kusema kichwa kizima kimeharibika. Mteja asingebisha, alikuja akiwa tayari kuambiwa hivyo, na fedha ya kusuka upya alikuwa nayo kipochini. Mwenye saluni alivuta kiti, akawasha taa ya pembeni, akapitisha vidole kisogoni, juu ya masikio, utosini. Kisha akafumua nane za mbele, akapaka mafuta, akazisuka tena zikiwa legevu.

"Nyuma kote kuzuri," alisema. "Hakuna cha kufumua."